"Jambo Bwana": Historia ya Wimbo na Hatima ya Maneno Yake

1.0 Utangulizi

Zipo nyimbo zinazojulikana na watu wengi kuliko wanavyojulikana watunzi wake. "Jambo Bwana", wimbo uliorekodiwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 na bendi ya Them Mushrooms ya Mombasa, ni miongoni mwa nyimbo hizo. Mtu ambaye hajapata kukanyaga pwani ya Afrika Mashariki, na ambaye hajui neno jingine lolote la Kiswahili, huenda akalijua neno "jambo" na kauli "hakuna matata". Akiulizwa ni nani aliyeyatia maneno hayo katika wimbo, aghalabu atanyamaza, au atajibu kwamba huo ni wimbo wa jadi wa Waafrika.

Katika taaluma yetu wimbo huu umepata heshima ndogo. Wapo walimu wa lugha wanaoutaja kuwa mfano wa kile kiitwacho "Kiswahili cha watalii", yaani lugha iliyopunguzwa viambishi na kusahilishwa ili impendeze mgeni anayekaa nchini majuma mawili na kuondoka. Kwa mtazamo huo, wimbo ni bidhaa ya hotelini, na mtafiti wa fasihi hana haja ya kuushughulikia.

Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba hukumu hiyo imetolewa kwa haraka. Tutajadili mambo mawili. Kwanza, tutachunguza lugha ya wimbo na kuonyesha kwamba mtunzi aliichukua desturi kongwe ya Waswahili, yaani desturi ya kuamkiana, akaifanya kuwa somo la lugha lenye mantiki yake. Pili, tutafuatilia jinsi maneno ya wimbo yalivyosafiri na kutengana na jina la mtunzi, mpaka swali la nani mwenye maneno hayo likawa suala la kisheria. Mambo haya mawili yanahusiana, kwa kuwa lugha ambayo wasomi wake hawajishughulishi kuiandika historia ya tungo zake hurahisisha kazi ya wale wanaotaka kuzitwaa.

2.0 Chimbuko la wimbo

Them Mushrooms ilianza mwaka 1972. Kiini chake kilikuwa ndugu wa ukoo mmoja: Teddy Kalanda Harrison, aliyekuwa kiongozi, pamoja na Billy Sarro, George Zirro na John Katana. Ilikuwa bendi ya magitaa ya umeme, kama zilivyokuwa bendi nyingi za vijana wa miji ya Afrika katika kipindi hicho, na riziki yake ilitoka katika hoteli za ufukweni.

Ni muhimu kuyaelewa mazingira hayo. Katika miaka ya 1970 pwani ya Kenya ilianza kupokea wageni wengi waliokuja kwa ndege za kukodi kutoka Ulaya, hususan kutoka Ujerumani Magharibi. Hoteli zilijengwa kaskazini na kusini ya kisiwa cha Mombasa, na kila hoteli kubwa ilihitaji wanamuziki wa jioni. Bendi ya hotelini ilitarajiwa kuzipiga nyimbo ambazo mgeni alikwisha kuzizoea kwao: roki, disko, rege na nyimbo za mapenzi za Kimarekani. Mwanamuziki wa pwani, kwa hiyo, alijikuta katika hali ya ajabu. Alikuwa nyumbani kwake, lakini kazi yake ilikuwa kumwimbia mgeni nyimbo za ugenini.

Kwa maelezo ya mtunzi mwenyewe, wazo la "Jambo Bwana" lilimjia mwaka 1979, alipoona jinsi wageni wa hotelini walivyokuwa na hamu ya kujua maneno ya Kiswahili. Walikuwa wakiuliza jinsi ya kuamkia, jinsi ya kujibu, na jinsi ya kusema mambo madogo ya kila siku. Kalanda aliamua kuyakusanya maneno hayo katika wimbo mmoja wenye lahani nyepesi inayoshikika kichwani mara moja. Kwa maneno mengine, wimbo ulizaliwa kutokana na maswali ya mwanafunzi, na mtunzi alikuwa mwalimu kabla ya kuwa mfanyabiashara.

Wimbo ulipotolewa katika santuri ulipokewa vizuri kupita matarajio. Katika miaka ya 1980 ziliuzwa nchini Kenya nakala zaidi ya 200,000, na bendi ikatunukiwa diski ya platini. Wanunuzi hao hawakuwa watalii peke yao. Wenyeji nao waliupenda, wakaucheza, na watoto wakauimba. Ukweli huu pekee unatosha kututia shaka kuhusu madai kwamba wimbo huu ulikuwa wa wageni tu.

3.0 Maamkizi kama muundo wa wimbo

Tukiuchunguza wimbo kwa upande wa muundo, tunaona kwamba hauna kisa wala mhusika anayeendelea kutoka hali moja hadi nyingine. Kilichomo ni mazungumzo ya watu wawili wanaokutana. Mmoja anaamkia. Anauliza habari. Jibu linatoka kwamba habari ni nzuri. Kisha wageni wanakaribishwa, nchi inatajwa, na wanahakikishiwa kwamba hakuna la kuwasumbua.

Mpangilio huu si wa kubahatisha. Ndio mpangilio wa maamkizi ya Waswahili yenyewe. Katika desturi yetu maamkizi hayaishii katika neno moja. Huwa ni mlolongo wa maswali na majibu, na kila swali lina jibu lake linalotarajiwa. Anayeulizwa habari hujibu kwanza kwamba ni njema, hata kama ana msiba nyumbani, na ndipo baadaye husema "lakini" na kuueleza msiba huo. Mtunzi aliuchukua utaratibu huu wa kupokezana na kuugeuza kuwa wimbo wa kiongozi na waitikiaji, jambo ambalo pia ni la kawaida katika nyimbo za ngoma za pwani. Mgeni anayeuimba wimbo anajifunza maneno na, zaidi ya hayo, zamu ya kuyasema.

Aidha, lugha ya wimbo si ya kiwango kimoja. Ni kweli kwamba unaanza na "jambo" tupu, bila kiambishi. Hata hivyo, wimbo huohuo unapofika mahali pa kuwakaribisha wageni unatumia umbo "mwakaribishwa". Umbo hili lina njeo ya -a-, ambayo husikika zaidi katika mazungumzo ya pwani na katika ushairi, ilhali mtu wa bara angetarajiwa kusema "mnakaribishwa". Lina pia kiambishi cha nafsi ya pili wingi na kinyambuo cha kutendwa. Lugha iliyosahilishwa kwa ajili ya wageni haina maumbo kama hayo. Kwa kawaida kitenzi chake hubaki uchi, bila nafsi wala njeo iliyo sahihi. Vilevile nchi inatajwa pamoja na kimilikishi cha "-etu", kilichopatanishwa ipasavyo na nomino yake.

Tunachokiona, basi, ni ngazi. Mgeni anapokewa kwenye kidato cha chini kwa neno moja analoweza kulitamka, kisha anapandishwa taratibu mpaka anajikuta anaimba kitenzi kamili cha Kiswahili cha pwani bila kujua. Mtunzi hakuwa ameshindwa na sarufi. Alijua wapi pa kuilegeza na wapi pa kuikaza.

4.0 "Jambo" na "matata": heri kwa njia ya ukanushi

Lawama kubwa inayotolewa dhidi ya wimbo huu inahusu neno lake la kwanza. Inasemwa kwamba Mswahili hasemi "jambo"; husema "hujambo", naye hujibiwa "sijambo". Lawama hii inastahili kujadiliwa kwa makini.

Nomino "jambo", ambayo wingi wake ni "mambo", huhusishwa na kitenzi cha kale "-amba", chenye maana ya kusema, ambacho bado tunacho katika "kwamba". Katika maamkizi nomino hii hutanguliwa na viambishi vya nafsi vya ukanushi: "hu-jambo", "si-jambo", "ha-jambo", "ham-jambo", "hatu-jambo". Maana yake ya asili inakaribia "huna jambo", yaani hakuna jambo baya lililokupata. Hali ya heri, kwa hiyo, hutajwa kwa kukanusha shari. Anayeulizwa hasemi kwamba ana furaha; husema kwamba hana jambo.

Mgeni anapolidondosha hilo "hu-" anaudondosha ukanushi wenyewe, na kinachobaki ni shari bila kinga yake. Matumizi haya ya "jambo" tupu hayakuanza hotelini. Yalikuwapo katika lugha ya walowezi wa Kenya ya kikoloni, ile iliyopewa jina la Kisetla, na vitabu vidogo vya kuwafunza walowezi na askari, kama kile cha F. H. Le Breton kiitwacho Up-Country Swahili kilichotoka katika miaka ya 1930, viliueneza uswahili wa aina hiyo kwa kudharau upatanisho wa ngeli. Kalanda aliikuta "jambo" tupu imekwisha kuzagaa, hakuibuni.

Hapa ndipo kauli ya pili ya wimbo, "hakuna matata", inapopata uzito ambao haujatambuliwa. Neno "matata" linatokana na mzizi "-tata", ambao umezaa "tatiza", "tatizo", "tatanisha" na "utata". Taswira yake ni ya uzi uliofungana mafundo. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inalo, na kwa hiyo si neno la kuokotwa ufukweni. Ni kweli kwamba Mtanzania wa kawaida, au Mswahili wa Mombasa akiwa na wenzake, angependa zaidi kusema "hakuna neno", "hakuna taabu" au "hakuna shida", na kwamba "matata" lina nguvu zaidi katika Kiswahili cha bara ya Kenya na cha Kongo. Lakini tofauti hiyo ni ya maeneo na mazoea. Si tofauti baina ya usahihi na makosa.

Linganisha sasa muundo wa kauli hizi mbili. "Hujambo" inakanusha kuwapo kwa jambo. "Hakuna matata" inakanusha kuwapo kwa mafundo. Zote mbili zinaitaja heri kwa njia ya ukanushi. Wimbo unaanza na amkio lililopoteza ukanushi wake, na unamaliza kwa kiitikio kinachourudisha ukanushi huo katika vazi jingine, lililo jepesi zaidi kwa ulimi wa mgeni. Hatudai kwamba mtunzi alikaa chini akaifanya hesabu hii kwa makusudi. Tunadai kwamba mtu aliyelelewa katika lugha huwa na mantiki ya lugha hiyo hata anapoirahisisha, na mantiki hiyo hupenya mahali fulani.

Zaidi ya hayo, kuachwa kwa ukanushi si ugonjwa wa wageni peke yao. Vijana wa Dar es Salaam na Nairobi huamkiana kwa kusema "Mambo?", na hujibiwa "Poa". Hiyo "mambo" ni wingi wa "jambo" lilelile, nayo haina kiambishi chochote cha kukanusha. Ikiwa tunalikubali umbo hili kuwa mabadiliko ya kawaida ndani ya lugha, basi tunapaswa kuwa waangalifu kabla ya kulilaani umoja wake kwa sababu tu limetoka kinywani mwa mtalii.

5.0 "Bwana" ni nani?

Suala gumu zaidi linahusu neno la pili la jina la wimbo. "Bwana" lilikuwa neno la heshima la pwani kabla ya ukoloni, lakini katika mashamba na nyumba za walowezi liligeuka kuwa jina la mwajiri wa Kizungu. Wimbo unaomwita mgeni kutoka Ulaya "bwana", miaka isiyozidi ishirini baada ya uhuru wa Kenya mwaka 1963, unaweza kusomwa kama wimbo wa mtumishi. Usomaji huo hauwezi kupuuzwa. Hoteli za pwani zilikuwa mahali ambapo mwenyeji alibeba sinia na mgeni akaketi, na utalii ulikuwa ukielekea kuwa chanzo kikuu cha fedha za kigeni nchini, hata mwishoni mwa miaka ya 1980 ukaipiku kahawa. Kauli ya kwamba nchini hakuna matata ilikuwa na manufaa kwa wenye hoteli na kwa serikali, hata wakati ambapo matata yalikuwapo. Mnamo Agosti 1982 palitokea jaribio la kuipindua serikali ya Kenya. Kiitikio cha wimbo hakikubadilika.

Pamoja na hayo, neno "bwana" lina matumizi mengine. Miongoni mwa watu walio sawa hutumika kama kiungo cha mazungumzo, kuonyesha ukaribu, mshangao au hata kuudhika: "Njoo, bwana!" au "Acha, bwana!" Anayesemwa hivyo hatukuzwi, anafanywa mwenzi. Wimbo unachezea maana hizi mbili. Mgeni anasikia heshima, mwenyeji anasikia utani. Na kimilikishi "yetu" kinachofuata jina la nchi kinaweka mpaka wa kiungwana: mgeni amekaribishwa, lakini nchi ni ya waimbaji. Si ajabu kwamba wenyeji waliununua wimbo huu. Kulikuwa na kitu chao ndani yake.

6.0 Wimbo unasafiri

Baada ya Them Mushrooms, bendi nyingine za pwani ziliuchukua wimbo. Mombasa Roots, waliopata sifa kwa kuingiza mdundo wa chakacha katika muziki wa disko, waliurekodi kwa namna yao, wakiongeza maneno ya kuisifu Kenya na amani yake. Safari Sound Band nao waliurekodi, na kanda zao zikauzwa katika maduka ya hoteli. Mwaka 1983 kundi la Boney M. la Ujerumani Magharibi, chini ya mtayarishaji Frank Farian, lilitoa toleo lake kwa jina la "Jambo – Hakuna Matata". Kundi hilohilo lilikuwa limekwisha kurekodi "Malaika" mwaka 1981. Wageni waliojifunza maneno ufukweni sasa waliyasikia redioni kwao.

Safari nyingine ilifanyika bila studio. Waongozaji na wapagazi wa mlima Kilimanjaro huwaimbia wageni wao wimbo huu, ila mahali pa Kenya huweka jina la mlima. Kisiwani Unguja hutiwa jina la Zanzibar. Beti hupunguzwa au kuongezwa kulingana na hadhira na kitakachotokea siku hiyo. Mwanafunzi wa fasihi simulizi ataitambua mara moja hali hii: utungo ulioandikwa na mtu mmoja, ukarekodiwa na kuuzwa, umeingia katika utendaji wa mdomo na kupata matoleo. Kwa kawaida tunafundishwa kwamba tungo hutoka katika simulizi na kuingia katika maandishi. Hapa mwelekeo umegeuka.

Lakini mafanikio haya yana gharama. Kila toleo jipya linalofaa mahali pake hulisogeza mbali jina la mtunzi, mpaka wimbo uonekane hauna mwenyewe.

7.0 Nani mwenye maneno?

Mwaka 1994 kampuni ya Disney ilitoa filamu ya The Lion King, ambayo ndani yake mna wimbo uitwao "Hakuna Matata", uliotungwa na Elton John na Tim Rice. Huo ni wimbo mwingine kabisa kwa lahani na maneno. Kinachoshirikiwa ni kauli. Mwaka huohuo kampuni iliomba nchini Marekani kuisajili kauli hiyo kuwa alama yake ya biashara kwa ajili ya mavazi, na usajili ukakamilika mwaka 2003. Mwaka 2018, filamu mpya ilipokuwa ikisubiriwa, maelfu ya watu walitia saini malalamiko ya kutaka usajili huo ufutwe, na mjadala ukaenea Afrika Mashariki.

Katika mjadala huo mambo mawili yalichanganywa, na ni wajibu wetu kuyatenga. Alama ya biashara haimpi mwenye kuisajili umiliki wa lugha. Humpa haki ya kuwazuia washindani wasiitumie alama hiyo katika aina fulani ya bidhaa na katika nchi ilikosajiliwa. Msemaji wa Kiswahili hakuzuiwa kusema "hakuna matata", wala mtunzi hakuzuiwa kuiimba. Hata hivyo, kwamba jambo ni halali kisheria hakuliondolei ukakasi. Kauli iliyokuwa mali ya wasemaji wote iliwekewa uzio katika soko, na waliouweka uzio huo hawakuwa wasemaji wake.

Hakimiliki ni jambo jingine. Hii hulinda utungo, yaani mpangilio mahususi wa maneno na lahani, na humpa mtunzi haki ya kulipwa wengine wanapourekodi. Kwa sheria ya Kenya ya mwaka 2001 haki hiyo huendelea kwa miaka 50 baada ya mwaka wa kufariki kwake. "Jambo Bwana" una haki hiyo. Kauli "hakuna matata" pekee haina. Lakini hakimiliki hulindwa na ushahidi, na ushahidi huo huanza na jina. Wimbo unaodhaniwa kuwa wa jadi hutumiwa bila kulipiwa, kwa kuwa jadi haina akaunti ya benki. Tumekwisha kuyaona hayo katika "Malaika", wimbo uliovuma duniani huku madai ya utunzi wake yakigombaniwa baina ya Fadhili William na wengineo, na kila aliyeuchelewesha uchunguzi akizidi kuufanya mgumu.

8.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba "Jambo Bwana" si rundo la maneno yaliyovunjwavunjwa kwa ajili ya watalii. Ni somo la maamkizi lililopangwa kwa kufuata utaratibu wa maamkizi ya Waswahili. Linaanza na amkio lililopotea ukanushi na kuurudisha ukanushi huo katika kiitikio. Linapanda kutoka neno tupu hadi kitenzi kamili cha pwani. Na linamkaribisha mgeni bila kumkabidhi nyumba. Tumeonyesha pia kwamba liliimbwa katika mazingira yasiyo ya usawa, na kwamba neno "bwana" limeibeba historia hiyo.

Upungufu ambao makala hii inauonyesha ni wetu sisi wasomi. Tumeweka kumbukumbu za tenzi za karne zilizopita kwa uangalifu mkubwa, na ni vema. Lakini nyimbo za bendi za miaka ya 1960 hadi 1980, ambazo ndizo zilizoipeleka lugha hii mbali kuliko utenzi wowote, tumeziacha mikononi mwa wauza santuri. Kazi inayohitajika haina makuu: kuandika jina la mtunzi, mwaka, mahali, matoleo na mabadiliko ya maneno, na kuyafanya hayo wakati mashahidi wangali hai. Mtunzi wa mashairi ya kale hutia jina lake katika beti za mwisho ili asisahaulike. Mtunzi wa wimbo wa bendi hana beti hizo. Kazi ya kulitia jina lake ni yetu.